Kichuguu Walichoonyeshwa Wageni

Siku ile, kule kwenye majani ya ngitili, mama alikuwa akimwonyesha nani kile kichuguu: mimi, au wale watu waliosimama nyuma yangu? Swali hili nimekuwa nalo tangu nilipokuwa msichana aliyetoka tu chuo kikuu. Sasa nina umri aliokuwa nao mama wakati ule, na jibu bado sijalipata. Nilimwuliza mara moja, miaka michache kabla hajafariki. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua choroko, wala hakuinua uso.

"Si ulikuwepo?" alisema, akaendelea kuchambua.

Kwa mtu asiyezijua desturi za nyumba yetu, swali hili litaonekana dogo. Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Mwanza. Ukishuka kivukoni Kamanga unapita mashamba ya muhogo na ya pamba mpaka penye mawe makubwa, na huko ndiko tulikozaliwa. Mvua za kwanza za vuli zikishaulowanisha udongo, uyoga mkubwa mweupe huota juu ya vichuguu vya mchwa. Si kila kichuguu huzaa. Kinachozaa hurudia karibu kila mwaka, na kila nyumba ya kule ilikuwa na chake, kikijulikana na mwanamke mmoja tu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kuhusu chake. Mwanamke alikwenda alfajiri peke yake, hakuita, hakuimba, wala hakunyoosha kidole. Aling'oa uyoga kwa kuuzungusha taratibu bila kisu, akauacha wa kwanza kuuona ubaki pale pale, akafunika kapu kwa majani, kisha akarudi kwa njia nyingine.

Na kulikuwa na jambo moja lililozidi hayo yote: kuonyeshwa kichuguu ni kupewa. Bibi, mama mzazi wa baba yangu, alimwonyesha mama cha kwetu mwaka ambao miguu yake ilianza kukataa mwendo. Tangu asubuhi ile bibi hakukanyaga tena kule. Alipelekewa uyoga kwenye bakuli kama mgeni, na aliupokea kwa mikono miwili kama mgeni.

Mama alikuwa na binti mmoja, mimi. Kila vuli ilinikuta bweni, na baadaye ikanikuta chuo kikuu Dar es Salaam. "Ukirudi," alikuwa akisema. Nikarudi. Nilirudi na shahada wakati ambapo serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, na mashirika ambayo yangetuajiri yalikuwa yakifungwa au yakitafutiwa wanunuzi. Mama aliiangalia shahada, akaikunja upya kwa uangalifu katika bahasha yake, na kuhusu kichuguu akasema kwamba hapewi mtu aliye njiani. Nikae kwanza. Nipate kazi ya kudumu, nijulikane ninalala wapi. Kwa hiyo nilingoja mambo mawili kwa pamoja, na la kwanza ndilo lililokuwa na ufunguo wa la pili.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya ukarani wa muda. Bosi wangu aliwahi kuwa mkubwa katika shirika la umma la pamba. Shirika lilipovunjwa, yeye aliibuka upande wa pili akiwa mfanyabiashara, anakusanya sangara kutoka kwa wavuvi na kuwapelekea wenye viwanda vya minofu. Nilipanga chumba Igogo. Muda wangu kazini uliongezwa kila mwisho wa mwezi kwa neno la mdomo wake, na sikukosa hata mara moja kulisikiliza neno hilo.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya matembezi. Hicho kilikuwa kitu kipya mjini. Siku zile za ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, tulishaanza kuzoea vitu vipya, redio za kila aina madukani, nguo za mitumba zikirundikwa hadi pembeni mwa barabara, lakini watu wenye magari waliokwenda mahali kwa gari ili wakatembee kwa miguu walikuwa bado kichekesho. Walikuwa wakubwa wa zamani wa mashirika, wafanyabiashara na wake zao. Walivaa kofia nyeupe zilizoandikwa jina la klabu. Kila Jumamosi walipanda mawe au kuzunguka ufukweni, na mwenyekiti hakukosa mfukoni rola la utepe mwekundu, ambao alikata vipande na kuvifunga matawini ili wasipotee wakati wa kurudi.

Siku moja mchana nilikuwa nakula ofisini uyoga uliokaushwa, umeungwa kwa karanga, na mwenyekiti akapita. Aliomba kuonja. Akaonja mara ya pili bila kuomba.

"Huu unauzwa wapi?"

"Hauuzwi, mzee. Mama anauokota."

"Basi mama atatuongoza," alisema, kwa furaha ya mtu ambaye mambo yake hayajawahi kukataliwa. "Jumamosi klabu nzima tunavuka. Utatutafsiria."

Nilivuka Ijumaa jioni kumpa mama habari. Alinisikiliza akiwa ameinamia moto. Nilidhani atakasirika, lakini alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Nitawazungusha," alisema. "Nitawapeleka kwenye kile kisiki cha mwembe ulioanguka, kuna vile viyoga vidogo vya mti. Kisha nyuma ya shamba la pamba, wanakookota watoto. Watu wa mjini wakiona uyoga mmoja wanapiga picha, wanashiba."

Tulicheka sana jioni ile. Nakumbuka hivyo kwa sababu ni mara ya mwisho kucheka naye kuhusu uyoga.

Walifika na kivuko cha asubuhi, wakapanda kutoka gatini kwa mstari mrefu wenye kelele. Mama aliwapokea uani akiwa amejifunga kanga mbili, na kapu mkononi. Vijana walimpa shikamoo. Wakubwa walimwita "mama" na kumshika mkono. Aliwakaribisha kwa Kiswahili chake, ambacho "r" na "l" hubadilishana nafasi kila zinapotaka, na nikaona baadhi yao wakitazamana na kuuma midomo. Kuanzia hapo mama alizungumza Kisukuma tu, nami nikatafsiri. Aliwapa viazi vikavu, michembe, vilivyopikwa upya. Walikula kwa adabu, kisha wakafungua mikate yao.

"Waambie wasipige kelele," mama alisema. "Wala wasinyooshe vidole."

Niliwaambia. Walinyamaza kwa muda wa kuvuka uzio wa minyaa, kisha wakaanza tena, kuhusu bei ya mafuta na kiwanja cha fulani kilichouzwa mara mbili. Mwenyekiti alikuwa nyuma yetu akifunga utepe wake. Mama aliutazama.

"Ule ni wa nini?"

"Wasipotee wakati wa kurudi."

"Watapoteaje? Ziwa lile pale," alisema, na akaendelea mbele.

Kwenye kisiki palikuwa pakavu. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili tu, kisha jua likarudi, na vile vidogo vya mti vilikuwa vimesinyaa kama masikio ya mzee. Nyuma ya shamba la pamba watoto walikuwa wametangulia. Tulikuta mashimo tu. Mama aliwazungusha tena, akapanda nao mpaka kwenye mawe, akashuka nao upande wa pili. Jua likawa kali, na jasho likaanza kuwanoa watu ndimi.

"Mama," alisema mke wa mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, akijipepea kwa kofia ya klabu, "huo uyoga wako umekwenda likizo?"

"Umepunguzwa kazini," alisema daktari mmoja wa mifugo aliyestaafu, mtani wa kundi. Walicheka wote, maana nusu yao walikuwa wamewapunguza watu na nusu nyingine walinusurika kupunguzwa.

"Hapana," alisema mke wa mwenyekiti, "umesoma sana. Sasa unangoja upangiwe ofisi, kama binti yake."

"Ndiyo maana!" daktari alidakia. "Digrii tupu, kapu tupu. Familia nzima inatafuta!"

"Jamani, mwacheni," mwenyekiti aliingilia kwa ukarimu. "Huyu ana kazi kwangu. Ananitafsiria uyoga usiokuwepo."

Na mimi nilicheka. Ninalisema hili bila kujilaumu; mtu anayengoja mwisho wa mwezi hucheka na wenye mwisho wa mwezi. Mama alisimama.

"Wanacheka nini?"

"Wanalicheka jua," nilimjibu.

Mama alikuwa ameuza maharage sokoni Mwanza tangu kabla sijazaliwa, na wengi wa wateja wake hawakuwa wamemwongelesha Kisukuma. Nilijua alikuwa amesikia kila neno. Na yeye alijua kwamba ninajua. Aligeuka, akaiacha njia, akaingia kwenye majani marefu.

Pale palikuwa ngitili yetu, ile sehemu ya malisho ambayo hufungwa ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Ng'ombe wa baba walikuwa wameshauzwa wote baada ya msiba wake, lakini mama aliendelea kuitunza kana kwamba watarudi. Nilitembea nyuma yake na sikuelewa tunakwenda wapi hadi nilipoona namna alivyobadilisha mwendo. Aliinua kanga juu ya kifundo cha mguu. Aliacha kutazama pembeni. Mtu anayetafuta hatembei hivyo.

Nyuma ya vichaka viwili vya miiba kilikuwepo kichuguu kirefu kuliko mimi, chekundu, kimeegemea upande mmoja, na ubavu wake wote wa kivulini ulikuwa mweupe kwa uyoga. Mwingine ulikuwa umefunguka kama sahani, mwingine bado umejikunja, ukiinua udongo kwa vichwa vyake. Hakuna kiangazi kilichokuwa kimepafikia pale. Mama aligeuza uso nusu, si kwangu kabisa na si kwao kabisa, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini:

"Ndicho hiki."

Nami, kwa sababu tangu asubuhi kila alichosema nilikisema, nikafungua mdomo.

"Anasema ndicho hiki," nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya ofisini.

Nimerudi kwenye maneno hayo mawili mara nyingi kuliko ninavyorudi kwenye jambo lolote nililojifunza chuoni. Kama alikuwa akiniambia mimi, basi ilikuwa ndiyo saa yenyewe, saa niliyongojea tangu bweni, naye aliamua kunipa ingawa sijapata kazi wala makao ya kudumu, palepale, mbele ya waliosema kapu letu ni tupu. Nami nilichukua nilichopewa nikawagawia watu wote kabla hakijafika mkononi. Na kama alikuwa akiwaambia wao, basi alinipita mimi kwa sababu ya hasira ya dakika moja, akawapa watu wa kofia kile alichoninyima kwa miaka. Nimejaribu kupenda jibu la kwanza. Kuna siku naliweza. Lakini uso wake ulikuwa nusu, na nusu hiyo naiona hadi leo, na haielekei upande wowote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwenyekiti alipiga ukelele uliosikika hadi mashamba ya chini. Watu walizingira kichuguu, wakapanda juu yake kwa raba zao, wakapigana picha. Visu vya kukatia mikate vilitoka. Uyoga ulikatwa mashinani, mwingine ukang'olewa pamoja na mabonge ya udongo, ukajazwa katika mifuko ya plastiki ukavunjikia humo humo.

"Waambie waache wa kwanza," mama alisema.

Niliwaambia. Daktari wa mifugo alinyoosha kidole.

"Wa kwanza ni upi, mama? Huu?" Akaukata, akaucheka ukiwa mkononi mwake.

Mama alirudi nyuma. Alisimama pembeni akiwa na kapu lake ambalo halikuwa na kitu, na hakuna aliyetia kitu ndani yake. Mke wa mwenyekiti, ambaye sidhani alikuwa mtu mbaya, alimkumbatia begani na kusema amefurahi kupita kiasi, na kwamba mzaha wao wa njiani asiuweke moyoni. Wakati huo mumewe alikuwa ameshafunga utepe kwenye vichaka vyote viwili vya miiba, akirudi nyuma hatua chache na kukagua kama mtu anayetundika picha ukutani.

Tulirudi kwa kufuata vile vipande vyekundu, kimoja baada ya kingine, mpaka uani. Jirani yetu mmoja alikuwa kwenye shamba lake la muhogo akiegemea jembe. Alitutazama mstari mzima ukipita, mifuko ikining'inia, akamwambia mama, "Hongera, mwenzangu. Leo wageni wamefika mpaka ndani." Mama aliitikia salamu tu.

Wakati wa kuagana, mwenyekiti alivua kofia yake akamvika mama kichwani, juu ya kilemba. Watu walipiga makofi. Kisha akamshika mikono yote miwili, na nina hakika alisema alichosema kwa wema.

"Mama, mwakani hatutakusumbua. Njia tumeshaijua. Tutakuja wenyewe."

Akanigeukia nitafsiri. Mama aliinua mkono, akanizuia.

"Nimesikia," alisema kwa Kiswahili.

Sikurudi mjini nao. Jioni mama alipika ugali na dagaa, tukala. Kofia aliitundika kwenye kigingi cha zizi lililokuwa tupu. Mimi ndiye niliyeanza.

"Kabla sijavuka kesho nitapita kufungua zile tepe zote. Hawataiona njia."

"Tepe utafungua," alisema. "Macho yao utayafunguaje?"

"Watasahau, mama. Watu wa mjini hawakumbuki vichaka."

"Na yule wa shamba la muhogo? Na watoto waliofuata kelele? Kesho kutwa kila mtu atakwenda. Atakayewahi ndiye atakuwa mwenyewe." Alisogeza kuni motoni. "Mama mkwe wangu alinionyesha mimi peke yangu. Alinishika hapa." Alijishika kiwiko.

Nilitaka kumwuliza pale pale. Swali lilikuwa tayari kinywani, na kama ningeliuliza usiku ule, maumivu yakiwa bado mabichi, pengine angenijibu. Lakini niliogopa majibu yote mawili kwa kiasi sawa. Nikamwambia samahani. Hakuniuliza samahani ya nini. Alitazama ukuta wa jiko, uliokuwa umepasuka tangu masika na kuonyesha fito zake.

"Ukuta huu nimeuacha muda mrefu," alisema. "Unataka kukandikwa. Udongo wa kichuguu hauna mwenzake kwa kukandika, unakauka kama saruji." Kisha akainuka kwenda kulala. Mlangoni akaongeza, bila kugeuka, "Jembe la pili liko nyuma ya mtungi."

Nilielewa. Nilikaa pale hadi makaa yakawa majivu, nikitafuta sababu ya kumkataza, na kila sababu niliyoipata ilikuwa na utepe umefungwa juu yake.

Asubuhi kengele ya kanisa ilianza kulia tukiwa tayari tumeshatoka. Ilikuwa Jumapili pekee ninayokumbuka mama kutokwenda ibadani akiwa mzima. Alikuwa mbele na karai kichwani, mimi nyuma na majembe mawili. Hatukufuata tepe, alinipitisha njia yake ya zamani, kando ya mawe, chini ya mti wenye mzinga wa nyuki, na hivyo nikaijua njia ile siku ambayo haikuwa na kazi tena. Kichuguu kilikuwa kimechakaa kwa kukanyagwa. Vipande vya uyoga vilikuwa vimesinyaa juu yake, na sisimizi walikuwa wameshafika.

Nilingoja anielekeze nianze, au aanze yeye. Kama angeniachia pigo la kwanza, ningejua. Alichukua jembe moja mkononi mwangu, akaenda kusimama upande wa pili, nisikoweza kumwona vizuri. Nilisikia jembe lake likishuka. Nami nikashusha langu, na hadi leo siwezi kusema ni lipi lililotangulia.

Udongo wa juu ulikuwa mgumu kama tofali. Ndani ulilainika, na tukafika kwenye vyumba vidogo vyenye masega ya kijivu, yamejaa chembe nyeupe kama ulezi: uyoga wa mwaka ujao, ukiwa bado haujui. Mama aliyatazama, akayachota pamoja na udongo akayatia katika karai. Mchwa walikimbia juu ya miguu yetu. Tulichimba hadi jua likapita juu ya miiba na mikono yangu ya ukarani ikatoka malengelenge, hadi pakawa sawa na ardhi, kisha pakawa shimo. Tulibeba udongo karai kwa karai hadi uani. Mama akamwaga maji, akapandisha kanga, akaukanyaga hadi ukaiva, nami nikaanza kuukandika kwenye ukuta kwa viganja vyangu, kuanzia chini kwenda juu, nikiziba fito moja baada ya nyingine.